Mlima Ndani ya Chumba cha Samaki

Mume wangu ni mgumu. Ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wale wanaowabebea wageni mahema, majiko na trei za mayai. Kwao ni Maramba, kwenye familia ya Kilutheri iliyofuata kazi za mashamba ya mkonge, lakini tangu tuoane tunaishi Tanga mjini. Masika yakianza na wageni wakipungua, hurudi nyumbani kulala na kula samaki.

Mwaka mmoja alirudi na habari kwamba amepigwa picha za filamu. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anatengeneza filamu ya maisha halisi ya wapagazi, akamfuata njia nzima na kamera. Nikamuuliza humo ndani alifanya nini.

"Nilitembea," akasema.

Haukupita muda yule mama akatufuata Tanga na mpiga picha wake. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea na mkungu wa ndizi. Mgeni alimwamkia shikamoo vizuri kabisa, akaketi, akaeleza shida yake. Kiswahili alijifunza darasani, kila neno limepigwa pasi.

"Kule juu upepo uliharibu picha," alisema. "Uso wake hauonekani. Pumzi yake haionekani. Naomba turudie sehemu ndogo tu, ya baridi kali."

"Hapa Tanga?" nikauliza.

"Mlimani sasa hivi haiwezekani. Kuna mvua."

Mume wangu hajui kukataa mzigo. Alivaa koti lake la mlimani, kofia ya sufu na glavu, akasimama uani karibu na kamba ya nguo. Jasho likaanza kumchuruzika kidevuni. Mpiga picha alichungulia kamera yake, akatikisa kichwa.

Mama mkwe alikuwa pembeni anamenya ndizi. "Kama wanataka baridi," akasema, "si waende kwa Mpemba."

Mpemba huyo ni jirani yetu mfanyabiashara wa samaki, mwenye chumba cha barafu kikubwa kuliko sebule yetu. Tulimkuta ameketi mlangoni pake. Alisikiliza maelezo yote kwa adabu, kisha akauliza, "Huko mlimani kuna pweza?"

"Hakuna," akajibu mume wangu.

"Basi wangu tuwafunike."

Nilirudi nyumbani kuchukua mashuka meupe, yale ya wageni. Tukayatandaza juu ya makreti ya pweza na nguru, na kwa kweli vikatokea vilima vya theluji. Mpemba alichota barafu iliyosagwa kwa sepetu, akamuuliza yule mama mwongozaji wa filamu theluji ianguke kutoka kulia au kushoto. Mzigo tulikuwa tumeujaza mito yangu. Mume wangu alipoubeba, akautua palepale.

"Siwezi kutembea sawasawa na mito," akasema. Tukatoa mito, tukaweka kreti la vibua.

Basi akawa anatembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta, anageuka, anarudi. Pumzi ikatoka kama moshi wa kuni mbichi. Mwongozaji alikuwa amechuchumaa pembeni, amevaa gauni jepesi na kandambili kwa vile alijua anakuja pwani. Kila mara alisema, "Tena kidogo." Mimi na Mpemba tulikuwa mlangoni. Mpemba aliniambia kwa sauti ya chini, "Yule mama midomo imekuwa rangi ya wino."

Hakuwahi kuongeza neno. Yule mama alinyamaza, akalala taratibu juu ya kreti lililofunikwa shuka. Mume wangu alitupa vibua, akamtia mgongoni, akaelekea mlangoni akimwambia, "Pole pole, dada, tunashuka." Akatoka naye juani, katikati ya wanawake wanaokaanga samaki, akamketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mpemba akaleta kahawa ya tangawizi. Alipofumbua macho, yule mama alimtazama mpiga picha na kumuuliza kama kamera ilikuwa inaendelea. Ilikuwa inaendelea.

Filamu ilipotufikia, majirani walijaa sebuleni hadi dirishani. Tuliona mlima wenyewe, mahema, upepo, foleni ya wapagazi. Mara muziki ukapoa, akatokea mume wangu kwenye theluji, amembeba mwanamke aliyezimia. "Pole pole, dada, tunashuka." Wanawake wa mtaani wakafuta machozi kwa kanga.

Mama mkwe aliniinamia sikioni. "Mbona mlima una mkia wa nguru?"

Jumapili iliyofuata mchungaji alimwita mume wangu mbele atoe ushuhuda. Alisimama ameshika kofia, akasema, "Ile ilikuwa kwa Mpemba, kwenye chumba cha samaki." Kanisa zima likacheka kwa upendo. Akajaribu tena, akawaeleza habari za vibua na mashuka yangu. Mchungaji akamshika bega, akasema huo ndio unyenyekevu, kisha akaombea wote walio milimani.

Nyumbani alikaa barazani bila kubadili nguo. Nilimletea chai, hakuigusa.

"Kule nimeshushaga mtu kweli," akasema.

Sikuwahi kusikia. Nikamuuliza ni mzungu gani.

"Si mzungu. Mgumu mwenzangu, kutoka Same. Mapafu yalijaa maji. Tulipokezana kumbeba, mvua inatupiga."

"Alipona?"

"Alipona. Siku hizi anaendesha bodaboda. Njia nzima alikuwa anatutukana, eti tunamtikisa."

Nilimwambia anieleze tangu mwanzo. Mama mkwe akavuta kigoda karibu, na safari hii mume wangu akaongea mpaka chai ikapoa kabisa.