Shangazi Aliyeshukuru Kabla ya Kuchimba

Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya simu ilipoita: shangazi yangu amefariki Ikungi. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Yule mchawi?" Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote. Shangazi alikuwa mchimba mizizi ya dawa. Kucha zake hazikuisha udongo, na sauti yake ilikuwa ya chini hata akicheka. Kabla ya kukata mzizi alinyunyiza unga wa mtama chini ya mti, akamshukuru Mungu kwa Kinyaturu, akachukua mzizi wa upande mmoja tu, kisha akafukia shimo. Siku moja nilimuuliza kwa ukali, "Shangazi, unaabudu mti?" Akapangusa jembe. "Mwanangu, wewe ukisali kabla ya kula, unaabudu ugali?"

Wazee walipokataa jeneza lake liingie kanisani, niliwaeleza yote hayo. Mmoja akasema taratibu, "Mbona hukusema akiwa hai?" Hawakubadili uamuzi. Tulimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba yake. Sala niliiongoza mimi. Majirani Waislamu waliitikia amina pamoja nasi, tukatupia udongo, wanaume wakafukia, tukarudi uani kunawa mikono.