Pingamizi la Bibi Harusi

Mara ya kwanza kuingia kanisani kwetu Dunda nilikuwa nimekuja kuulizia saa za ibada tu. Nilikuwa nimehamia Bagamoyo wiki hiyo hiyo kutoka Vigwaza, nina cherehani moja na mafurushi mawili, nimepanga fremu ya duka karibu na soko, na sikuwa nimeongea na mtu zaidi ya salamu na bei. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mlango wa kanisa uko wazi. Ndani nikamkuta mwanamke mzee amekaa kwenye mkeka, beseni la maji mbele yake, anaosha vikombe vidogo vya Meza ya Bwana, kimoja kimoja, anavifuta kwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hakuniuliza jina wala ninakotoka. Sikuwa nimekula, na nadhani ilionekana. Akafunua kikapu chake akanipa vitumbua viwili, nikakaa sakafuni nikala, na yeye akaendelea na vikombe vyake. Wengine huletwa kanisani na mahubiri. Mimi nililetwa na vitumbua.

Kanisa lenyewe ni dogo, mabenchi kumi na mawili, ukuta mmoja bado haujapigwa lipu. Mchungaji wetu ni mwanamke kijana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Adhana ya msikiti wa jirani ikianza katikati ya mahubiri, hunyamaza, husubiri mpaka iishe, kisha huendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Ukikosa ibada Jumapili moja, haifiki saa nane mchana kabla mtu hajabisha hodi kwako na ndizi mkononi, anataka kujua unaumwa nini.

Ilinichukua miezi kadhaa kugundua jambo moja. Yule bibi aliyeosha vikombe kila Jumamosi hakuwahi kuvinywea. Sisi tulipoinuka kwenda mezani, yeye alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, anaangalia mbele. Alikuwa ameishi na mzee wake zaidi ya miaka arobaini, wamezaa watano, wana wajukuu, lakini ndoa yao haikuwahi kubarikiwa. Kwa utaratibu wetu, mtu wa namna hiyo ni wetu kwa kila kitu, ila mezani hafiki.

Nilikasirika nilipojua. Nikamuuliza mchungaji inakuwaje. Akaniambia amekwishaongea na mzee mara nyingi mpaka amechoka. Mzee, ambaye alitoka zamani upande wa Mkange na sasa analima mananasi na mihogo nje ya mji, alikuwa na jibu moja tu: "Harusi ni mambo ya vijana."

Kilichombadilisha ni mjukuu wake. Binti huyo alipata kipaimara mwaka jana, na Jumapili hiyo akashiriki mezani kwa mara ya kwanza. Aliporudi kwenye benchi alikuwa bado anatabasamu. Akamwinamia bibi yake akauliza, kwa sauti ya watoto wanaodhani wananong'ona, "Bibi, mbona wewe huji?"

Bibi akampapasa mgongo. Mzee alikuwa upande wa pili. Nilimwona akiangalia viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

Siku mbili baadaye nilikuwa kwa mchungaji napima joho jipya la kwaya. Mzee akabisha hodi, ameshika nanasi kubwa kama mtu aliyetumwa kuposa.

"Mchungaji, nataka kuoa."

Mchungaji akaduwaa. "Kumwoa nani, mzee wangu?"

"Mke wangu."

Mchungaji alipiga kigelegele humo humo sebuleni, na mimi nikauacha mfuko wangu wa pini ukamwagika. Tuliziokota baadaye, tunacheka kama wehu.

Jumapili tatu mfululizo ndoa ilitangazwa kanisani, na kila lilipofika tangazo hilo watu walipiga makofi kana kwamba hawajalisikia. Mji mzima ulikuwa na habari. Muuza samaki aliniuliza. Dereva wa bodaboda aliniuliza. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya gauni, na bibi harusi wangu alikuwa mgumu.

"Nyeupe sivai," alisema. "Nyeupe ni ya mabinti. Mimi nitavaa khanga yangu mpya, inatosha."

Nikampeleka kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi, Mwislamu aliyezaliwa hapa hapa Bagamoyo na kurithi duka kwa baba yake. Alisikiliza kesi yetu kwa makini, kisha akapanda ngazi mwenyewe, akashusha jora kutoka juu kabisa, akalifungua mezani kwa mkupuo mmoja. Kitambaa kilikuwa laini, chenye mng'ao wa mbali.

"Hii ni nyeupe," bibi akalalamika.

"Hii?" mwenye duka akasema, kama amekashifiwa. "Hii si nyeupe, mama. Hii ni tui la nazi."

Bibi akakishika pembe, akakifikicha kati ya vidole. Muda mrefu. "Kweli," akasema. "Ni tui." Mwenye duka akakata, akakunja, akakataa katakata tulipotaka kulipa.

Basi nikashona! Sijawahi kushona kitu kwa raha namna ile. Mikono mirefu, shingo ya duara, lesi kidogo kifuani kwa siri, kwa sababu aliikataa na mimi nikaiweka. Ijumaa umeme ukakatika nikiwa na upindo mzima bado, nikabeba gauni mbio mpaka kwa mama jirani mwenye cherehani ya mguu. Mama huyo ni Mwislamu, familia yake ni wakulima wa huko kaskazini. Aliponiona nahema, akanipisha kiti. Halafu akauliza nani anampaka bibi harusi hina.

"Hatujapanga hina," nikasema.

"Hamjapanga?" Akaniangalia kama nimesema tutapika pilau bila mchele. "Mtu anaolewa Bagamoyo atoke na mikono mitupu?"

Kesho yake asubuhi akaenda nyumbani kwa bibi na bakuli lake, akamchora maua mpaka kwenye vifundo vya mikono. Bibi alikaa kitako siku nzima, mikono ameinyoosha mbele, haruhusiwi kugusa kitu. Vikombe vya Jumamosi hiyo tuliviosha sisi.

Jumapili kanisa lilifurika mpaka madirishani. Mabenchi ya mbele yalikuwa ya wajukuu. Mwenye duka na mama wa hina walikaa upande wa kulia pamoja na majirani wengine, wamependeza kutushinda. Bibi akaingia na gauni lake, anatembea polepole, na mimi kwenye kwaya nilishindwa kuimba. Nilikuwa nalia na kucheka, sauti ya pili ikabaki na mtu mmoja.

Ikafika pale pa kuuliza. "Kama yupo mwenye pingamizi juu ya ndoa hii," mchungaji akasema, "aseme sasa."

Tayari mchungaji alikuwa anafungua ukurasa unaofuata.

Mkono ukanyooka, wenye maua ya hina. "Mimi ninalo," alisema bibi harusi.

Mchungaji akafunga kitabu. "Bibi, una pingamizi juu ya nani?"

"Juu ya huyu." Akamwelekeza mzee kidole. "Nilipokuwa binti, mjomba wake ndiye aliyekuja kwetu kuposa. Mjomba akasema, baba yangu akajibu. Huyu alikaa nje anatafuna muwa. Mpaka leo hajaniuliza. Mjomba ameshafariki, na yeye mdomo anao. Aniulize mwenyewe."

Kanisa likaangua kicheko, kisha likanyamaza ghafla, maana mzee alikuwa hacheki. Aligeuka akamtazama mkewe. Koti la kuazima lilimpwaya mabegani.

"Mama," akasema, "mimi si hodari wa maneno."

"Najua."

"Ulipougua ile homa kule shambani, nilikubeba mgongoni mpaka barabarani. Njia nzima nilikuwa nakuuliza moyoni."

"Sikusikia."

"Basi nauliza kwa sauti. Utakubali niwe mume wako?"

Bibi akageuka kututazama sisi wa nyuma. "Mmesikia?"

"Hatujasikia!" kwaya nzima ikapiga kelele, na mimi nikiwemo.

Mzee akavuta pumzi akauliza tena, safari hii mpaka waliokuwa nje madirishani wakaitikia "Eeh!"

"Nimekubali," bibi akasema.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Vigelegele, ngoma, mtu kapanda juu ya benchi, mchungaji anajaribu kurudisha utulivu na yeye mwenyewe anaruka. Walipokwisha kuapa, meza ikaandaliwa. Bibi alitangulia, mjukuu wake nyuma yake. Alinywa taratibu, akafumba macho, akabaki amepiga magoti muda mrefu kuliko desturi, na hakuna aliyemharakisha.

Tulikula pilau uwanjani mpaka jua likashuka. Mwenye duka alicheza, na tuligundua kwamba anajua.

Jumatatu nilichelewa kufungua fremu, miguu inauma. Nikamkuta mmoja wa wazee wa kanisa ananisubiri mlangoni, mtu mkali, anayejulikana kwa kukemea wanaochelewa ibada. Mkewe alikuwa pembeni yake, anatazama chini, anajizuia kucheka.

"Fundi," akasema, kisha akakohoa. "Hata sisi ndoa yetu haijabarikiwa. Ile tuliifunga bomani."

"Mmetunza siri miaka yote hiyo?"

"Hakuna aliyetuuliza," mkewe akajibu.

Nikafungua mlango, nikachukua tepu, nikamwambia mkewe anyanyue mikono nimpime.