Waliompigania Clayton

Mjini Kinlow, kwenye tambarare za Saskatchewan nchini Kanada, ukitaka kumkera Orest Bilyk msifie ngumi zake. Wazee wenzake hawachoki. Wakimkuta kwenye mkahawa humpiga kofi la mgongo: "Orest bwana! Siku ile ulilitwanga lile jitu mpaka likasahau jina la mama yake!" Yeye huinamia kikombe chake.

Siku hiyo wanayoisifu, Clayton Pruden, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alibamizwa kichwa vibaya sana kwenye ubao unaozunguka uwanja wa barafu. Sheria ya hoki ya barafuni haijaandikwa popote, lakini kila mchezaji anaijua: mwenzako akiumizwa, unatupa glovu na kumlipia kwa ngumi. Wenzake wakatupa wote, Orest akiwamo. Clayton akajiinua mwenyewe, akajikokota hadi benchi, akaketi peke yake akiwatazama wakimpigania. Waliporudi pua zikivuja damu, aliwachekea. Kwenye basi la kurudi alimlalia Orest begani, na walipofika nyumbani hakuamka.

Orest hakucheza tena. Alibaki uwanjani akiwanolea vijana vyuma vya viatu vya barafu na kuwafungulia mlango wa benchi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kila ubao unapolia kwa kishindo, bega lake huwa zito, kama kuna kichwa juu yake. Hulikung'uta. Uzito hauondoki.

Jumamosi moja mchana akabamizwa Garnet Fehr, kijana mwenye domo kuliko wote kikosini. Glovu zikamwagika. Uwanja mzima ukasimama, macho yote kwenye ngumi. Orest akaingia barafuni na raba zake, akateleza, akaanguka, akamfikia kwa magoti.

"Niache, mzee! Niko poa. Nataka nione wanavyomnyoosha!"

"Lala."

"Watasema mimi mwoga."

"Waache waseme. Lala hivyo hivyo, ila usinisinzilie, mwanangu. Niangalie."

Garnet akamporomoshea matusi. Kisha akatapika, na matusi yakaisha. Orest akamfuta mdomo. Akapaza sauti kumwita nesi, na sauti yake ikamezwa na shangwe za watu. Akaita tena, akapunga mikono, hadi mama yake Garnet akamwona na kuja mbio na nesi na machela. Wakamtolea mlango wa nyuma. Mama akapanda naye gari la wagonjwa.

Orest aliporudi benchini, refa ndiyo kwanza alikuwa amewaachanisha. Wes Toews, nahodha, alikuja jicho limevimba, anacheka.

"Garnet! Umeona tulivyokulipia, kaka?" Akatazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. "Yuko wapi?"

"Kapelekwa hospitali."

"Saa ngapi? Mbona sijaona?"

"Niliita, Wes," Orest akasema. "Niliita sana. Ulikuwa unampigania."