Muhtasari Ulioandikwa Kabla ya Mkutano

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi wilayani Muleba, upande wa Kagoma. Nitaeleza polepole jinsi tulivyofanya kazi, kwa sababu wakati ule hata mimi sikuona ubaya wake.

Tulikuwa watu watano. Jumapili, Walutheri wakitoka kanisani kwao na Wakatoliki kwao, tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti, tukatafuna punje za kahawa kama ilivyo desturi ya kwetu na kupanga mambo: nani atatoa hoja, nani ataiunga mkono, zamu za kuwapikia watoto chakula cha mchana zimwangukie nani. Hatukuona kwamba tunawaonea wenzetu. Tulisema tunawapunguzia maneno. Mkutano wa wazazi ulipofika siku ya Ijumaa, ulikwisha upesi, nasi tukajisifu. Mimi, ili nisihangaike, niliandika muhtasari tangu Alhamisi.

Wazazi wakaanza kupungua. "Wazazi wa siku hizi wavivu," tulisema, na sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Ikiwa uko kwenye kamati na umewahi kusema hivyo, usikate tamaa. Jiulize tu kwanza wanapokuja huwa wamebakiziwa nini cha kuamua.

Ijumaa moja alikuja mama aliyehamia kwetu kutoka kisiwa cha Bumbire, ambako alikuwa akiwapikia wavuvi kambini. Watu walikuwa wachache hata wakaombwa wasogee mbele, naye akakaa kando yangu. Mwenyekiti alikuwa bado anafungua mkutano. Mama yule akatazama daftari langu, akasoma kwa utulivu, kisha akanyoosha mkono na kusema kwa adabu ya Kihaya:

"Mwenyekiti, waitu, samahani. Katibu ameandika kwamba wote tumeunga mkono. Tumeunga mkono nini?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa Kishanda akadakia, "Hebu nisomee na mimi, mama, nijue kama nimehudhuria!"

"Hukuhudhuria, tata," mama akamjibu, kama mtu anayemwita baba yake. "Umetoa udhuru."

Ni kweli, nilikuwa nimezoea kumwandikia udhuru. Mwenyekiti akagonga meza, akasema hiyo ni rasimu tu. Ningeweza kusimama na kusema ukweli. Badala yake niliufunika ukurasa kwa kiganja, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu.

"Nilikuja na wazo kuhusu zamu za kupika," mama yule akasema. "Lakini naona mmeshamaliza. Acha niwahi kibanjani kwangu, nikapalilie."

Akatoka, na wengine wakamfuata.

Muhula uliofuata hakuna aliyekuja kwenye zamu yake ya kupika. Wiki ya tatu mwalimu mkuu akatangaza kwamba chakula kimesimama. Hapa ndipo aibu yangu ilipo hasa. Sisi watano wote tuliishi jirani na shule. Watoto wetu walikimbia nyumbani, wakala ndizi, wakarudi darasani. Walioshinda na njaa ni wale wa mbali, akiwemo binti wa mama yule, aliyekuwa darasa la kwanza.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa akipalilia mibuni. Alinipa kigoda kama mgeni mwingine yeyote, na heshima hiyo ikanichoma kuliko matusi.

"Umetumwa na kamati?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Wanajua uko hapa?"

"Hawajui."

"Basi hujaacha mambo yenu ya chini chini." Akaegemea jembe. "Waite wazazi wote, uwaambie mlivyokuwa mkifanya. Wakishasikia, nitapika."

Niliwaita. Nilieleza yote, kuanzia Jumapili kwa mwenyekiti hadi ule udhuru niliokuwa nikiubuni. Mwenyekiti aliondoka kabla sijafika katikati. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilipokaa, wakaanza kupanga zamu upya wenyewe, kitongoji kwa kitongoji, ili wanaotoka mbali wasaidiane kubeba kuni. Hakuna aliyeniomba niandike.

Jumatatu nilifika jikoni mapema nikachota maji. Mama yule akaja na wanawake wanne. Akanionyesha gunia la maharage niyachambue, akainama kuwasha moto. Walizungumza Kihaya wao kwa wao, na hawakunisemesha mpaka watoto walipopanga foleni. Binti yake alirudi na bakuli mara ya pili. Nilimpakulia nikiwa nimeinamisha uso.