Nilienda kuuliza maji kwa akina Furaha

Leo karibu nipoteze muchumba juu ya masomo ya statistique.

Prof alitutuma siye wanafunzi mu mutaa wa Kadutu kuuliza watu namna gani wanapata maji. Sheria yake: unahesabu nyumba, unaingia mu kila ya tano. Hauchague, hauruke. "Na muvae kama watu."

Basi miye na Bienvenu, rafiki yangu wa promotion, tunasoma darasa moja, tukavaa veste, koti za kuendea arusi.

Nyumba ya tano: kwa akina Furaha.

Furaha WANGU. Mwenye baba yake hanijue bado.

Nikamuambia Bienvenu turuke. Anasema: "Hasard ni hasard, ndugu, ya tano ni ya tano. Piga hodi."

Papa yake akafungua. Akaangalia veste yangu, akaangalia ya Bienvenu, akaita ndani:

"Maman Furaha, leta viti! Wamefika!"

Kumbe Furaha alishaambia wazazi kama iko mutu atakuya kumuposa.

Tukaikala. Chupa za sucré, soda za baridi, zikakuya. Furaha anachungulia nyuma ya rideau ya mulango, anacheka.

Papa akakohoa: "Haya, bana. Museme yenye imewaleta."

Bienvenu anaangalia juu, ku plafond.

"Papa... tuko na maulizo juu ya maji."

"Maji?"

"Ya robinet, papa. Ya bomba."

Furaha akafunga rideau. Papa akajibu maulizo yote mbiombio, hata bidon ngapi za maji wanachota kwa siku, bila kuniangalia. Sucré tuliiacha nusu.

Tangu pale natembea tu mu chumba, naandika, nafuta. Nyinyi wenye kujua mapendo, munisaidie kumujibu Furaha.

Message yake ni hii tu: "Basi oa bidon."