Homa Isiyopanda ya Yasuhiko

Mtu wa Kishiwada, Japani, mnyime wali, usimnyime kamba ya danjiri. Yasuhiko Nishide, fundi wa mapaa, alilivuta gari hilo zito la tamasha, linalokatishwa kona kwa mbio, tangu ujana, mpaka baridi yabisi ilipomkunja vidole na kumnyonya mapaja, akabaki mifupa na ngozi.

Daktari alimweleza vizuri. Mwilini mna protini ya kupeleka habari, interlukini-6. Kijidudu kikiingia, ndiyo inayopiga mbiu, homa ikapanda. Hata msuli ukifanya kazi huitoa kidogo, kwa faida yake. Lakini ya Yasuhiko ilipiga mbiu miaka nenda miaka rudi, adui hayupo, ikala viungo na misuli. Sindano ya dawa ikayaziba masikio ya mwili yaliyokuwa yakiisikia. Mapaja yakajaa, naye akajaa maneno.

"Ila ukiugua," daktari aliongeza, "huenda homa isipande." Hilo alilisikia mkewe, Mitsue. Mwenyewe alikuwa akiwaza kamba.

Asubuhi ya tamasha wavutaji walipimwa joto kwenye ukumbi wa mtaa, desturi waliyobaki nayo tangu korona. Yasuhiko alikuwa amekohoa usiku kucha. Kipimajoto kikasema thelathini na sita na nusu. Mzima!

Mitsue akamshika mkono mbele ya watu. "Baba Chikage, kipimo hicho si chako. Mbiu yako imezibwa. Mbona unahema hivyo, na umesimama tu?"

"Niache, mama. Mwaka wa sita huu nangoja."

"Ngoja na wa saba. Au unataka nianze kungoja peke yangu?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Yasu, unaogopa kona au unamwogopa mama?"

Alikuwa na jibu kali kwenye ncha ya ulimi. Akalianza, pumzi ikamkatikia katikati. Hapo akaogopa, tena akaogopa kweli. Akafungua kitambaa cha kichwani.

"Namwogopa mke wangu," akasema. "Vuteni."

Hospitalini picha ilionyesha nimonia imelijaza pafu la kulia. "Ungekimbia na pafu hili," daktari alisema, "usingefika kona ya pili."

Nje zikapita kelele za wavutaji: "Sorya! Sorya!" Yasuhiko akalia waziwazi, fundi mzima. "Watasimamisha sindano mpaka pafu lipone. Miguu itakwisha tena."

"Itapungua, na utaijaza tena kwa kupanda ngazi. Mwakani kona ile unaikata, nami nitakuwepo nikutukane ukichelewa." Mitsue akamfunika shuka. "Lia tu, Baba Chikage. Maiti hawezi kulilia kamba."