Namba Iliyo Chini ya Cheti Changu

Admin, jina langu usiliandike, maana ni jina la watu wawili na hapo ndipo taabu ilianzia. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne, na ni mzee wa kanisa hapa Embu. Nimefanya kazi ya kuunganisha kompyuta za maofisi tangu miaka ya tisini. Jumamosi inayokuja inaniogopesha. Na nyinyi mnaopenda kutukana watu kwa huu ukurasa, tafadhali ngojeni nimalize kwanza.

Kwetu Mbeere kijana wa kwanza hupewa jina la babu, baba ya baba yake. Mimi na binamu yangu ni watoto wa ndugu wawili, sote kifungua mimba, kwa hivyo tukapewa jina la babu, na padri naye akatubatiza kwa jina la ubatizo la huyo huyo mzee. Majina yote mawili sawa. Watu walitutofautisha kwa kusema yule wa Siakago, ndio mimi, na yule wa Kiambere. Sisi wenyewe tuliitana Wajina, yaani mwenye jina langu.

Tulipomaliza koleji, kampuni moja ya Embu ilikuwa inatafuta mtu mmoja tu mwenye cheti cha juu cha mitandao ya kompyuta. Tukajiandikisha pamoja kwa kozi ya wiki nane Meru mjini, asubuhi hadi jioni, kompyuta tano juu ya duka la simiti, na mwalimu ambaye hakurudia kitu mara mbili. Tulilala kwa shangazi yetu, kijijini Githongo. Wacha niseme ukweli, hiyo kozi ilikuwa inanichapa. Ikifika pale pa kugawa anwani za mtandao, mimi nilikuwa naona giza tu. Wajina ndiye alinifundisha, mezani kwa shangazi, akipanga maharagwe mafungu mafungu.

"Ona, ukigawa mara mbili, kila fungu linabaki nusu. Usiogope Wajina, ni maharagwe tu."

Shangazi akapiga kelele huko jikoni, "Nyinyi! Hiyo ni chakula ya jioni, si kompyuta!" Wajina alicheka mpaka akayamwaga yote chini, tukaokota pamoja.

Mtihani ulikuwa wa karatasi, ukapelekwa ng'ambo kusahihishwa. Majibu yalikuja baada ya miezi, kwa sanduku la posta la Siakago ambalo familia yote ilitumia. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nikakuta bahasha mbili, jina moja. Nikafungua ya kwanza hapo hapo nje ya posta: cheti, tena cha alama za juu! Nilipiga kelele watu wakageuka. Haki ya Mungu nilifurahi kama dakika mbili hivi. Halafu nikafungua ya pili, barua ya kuanguka, nikaona namba ya mtahiniwa kule chini. Iliishia na nane. Nane ilikuwa yangu. Cheti kiliishia na saba.

Nilijiambia nitampelekea chake. Kweli nilijiambia. Lakini nilipoanza kutembea kwenda nyumbani mikono ilikuwa inapasua ile barua, na nilipofika mlangoni hakukuwa na barua tena. Jumapili Wajina akaja kutoka Kiambere, viatu vimejaa vumbi.

"Imekuja?"

"Imekuja. Mimi nimepita. Yako ilikuwa ya kuanguka, nikaona nikufichie aibu, nikaichoma."

Aliangalia viatu vyake. Nilingoja aseme, hebu lete nione. Angesema hivyo tu, naapa ningempa. Hakusema. Alinishika mkono akaniambia, "Basi Mungu amechagua. Enda ufanye hiyo kazi na nguvu."

Hajawahi kugusa kompyuta tena. Mpaka leo ni mbuzi, shamba la ndengu na mizinga ya nyuki. Na kila Krismasi akija kwangu, anasimama sebuleni mbele ya hicho cheti, nimekiwekea fremu na kioo, anawaambia watoto, "Muige huyu. Mimi kichwa ilikataa." Mimi nasimama hapo nikitabasamu. Nimetabasamu hivyo miaka hii yote.

Sasa binti yake wa mwisho anasomea mitandao, kozi ile ile yetu. Krismasi alikipiga cheti picha, akasema anajivunia anko wake. Wiki iliyopita alikuwa anapanga sanduku la bati la baba yake akapata kadi ya mtihani. Akanipigia.

"Anko, namba yako ya mtihani iliishia na ngapi?"

Nikamwambia ni zamani, nani anakumbuka mambo kama hayo. Nilimjibu kwa ukali, na nadhani ukali wenyewe ndio ulimwambia.

"Kadi ya baba inaishia na saba," akasema polepole. "Cheti chako pia. Sijamwambia. Tunakuja Jumamosi, nitabeba hiyo kadi. Nataka umwambie wewe, kwa mdomo wako." Akakata simu.

Nimeitoa ile fremu. Lakini ukutani pamebaki mraba mweupe, rangi ya zamani ambayo haijaona jua, na kila anayeingia macho yanaenda hapo. Mke wangu ameuliza mara mbili. Nimemwambia kioo kilipasuka.

Jana Wajina mwenyewe amenipigia, anacheka vile alikuwa anacheka Githongo. "Wajina! Huyu msichana ananisukuma tuje kwako Jumamosi na haniambii kuna nini. Nafikiri anataka umtafutie kazi. Sasa sema, nikuletee ndengu ama asali?"

Nikadanganya mtandao unasumbua, nikazima simu. Leo nimeiwasha nikapata ameandika tena, swali ni lile lile. Ndugu zangu mnaosoma hapa, matusi yenu nitayapokea. Lakini kwanza nisaidieni, huyu mtu nimjibu nini?